Kebo Iliyolala Kigodani

Nyaramba,
Jumapili, 9 Februari 2025

Mwanangu Momanyi,

Wanaokusalimu ni hawa, kila mmoja kwa nafasi yake. Wa kwanza ni mama yako Mokeira, ambaye leo ameketi barazani na kunywa uji wake bila kulalamika. Wa pili ni baba yako mdogo Ochoki, aliyekuja kuazima jembe akakaa hadi chakula kikaiva. Wa tatu ni mkeo Tryphosa, ambaye ndiye atakayeisoma barua hii mbele yetu kabla sijaifunga. Ndivyo tulivyokubaliana ulipohamishiwa kituo cha afya huko Lodwar: simu ibaki ya kuulizana kama mvua imenyesha, na mambo ya boma yaandikwe kwa Kiswahili na kusomwa hadharani, ili mkeo aliyetoka upande wa ziwa asikae kati yetu kama mgeni anayesubiri kutafsiriwa lugha yetu.

Majani ya chai yamechipuka vizuri baada ya kiangazi kifupi. Ng'ombe mwekundu amezaa jike. Kanisani wamenipa tena kazi ya kupanga mikutano ya makambi ya Agosti, ingawa niliwaambia kwamba mtu aliyestaafu ukaguzi wa shule anastahili kustaafu na kamati pia.

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe. Kebo ya kuchajia gari imeibwa. Ilikuwa imetundikwa kwenye msumari, ukutani kwa nje, karibu na dirisha la jikoni kwako. Jumatatu asubuhi nilipotoka kuwapa ng'ombe majani, niliukuta msumari peke yake.

Unajua gari hilo la umeme linatufanyia nini. Tangu figo za mama yako zichoke, ndilo linalompeleka Kisii kila Jumanne na Ijumaa kusafishwa damu. Jumanne hii lilikuwa na chaji ya kufika Nyamira mjini, si Kisii. Tulikodi gari jingine, likatuchelewesha, na mama yako akakaa kwenye mashine muda mfupi kuliko anaotakiwa. Miguu yake imevimba hadi viatu vya kanisani vimemkataa.

Naomba shauri lako, na naliomba mapema.

Ni mimi baba yako,
Mogire


Lodwar,
Jumapili, 2 Machi 2025

Kwako mama, ambaye kwa ajili yako tunaandikiana, kwako baba, kwako baba mdogo Ochoki, ikiwa jembe bado hujalirudisha, na kwako Tryphosa unayesoma: nawasalimu nyote mlioketi barazani.

Mimi ni mzima. Joto la huku linakausha wino kabla neno halijakamilika. Kituo kimepata friji mpya ya chanjo, nasi tunailinda kama mtoto mchanga.

Baba, barua yako imenisikitisha, na nikisema imenisikitisha nimechagua neno la upole. Mwaka jana nilijenga banda la gari. Lina mlango wa chuma, lina kufuli mbili, na ndani yake mna soketi nzito yenye waya wake wa ardhini. Nililijenga likishikana na nyumba yangu, na mlango mdogo wa kuingilia jikoni, ili mvua ikinyesha mama atoke ndani hadi garini bila kulowa. Basi niambie, kwa nini gari lilale nje? Kwa nini kebo itundikwe msumarini kama kamba ya mbuzi, hatua chache kutoka kwenye banda lenye kufuli mbili?

Mama asipomaliza saa zake kwenye mashine, maji yanabaki mwilini. Hayakai miguuni tu. Hupanda hadi kwenye mapafu, na mtu huanza kuzama akiwa amelala kitandani mwake. Hii ni kazi yangu, nayajua haya, na naomba kila aliyepo ayajue.

Nimetuma kebo nyingine. Nimeongea na Calvince, fundi wa umeme mwenye duka Kebirigo. Ataifunga kisanduku chake kwa bolti kwenye ukuta wa banda, kwa ndani, ili asiwepo wa kuibeba yote. Gari liingizwe bandani, mlango ufungwe, na jambo hili liwe limekwisha.

Mwanao,
Momanyi


Nyaramba,
Jumapili, 23 Machi 2025

Mwanangu,

Mama yako anakusalimu na kusema usile nyama ya ngamia kila siku. Ochoki amerudisha jembe, ila si lile alilochukua. Tryphosa ni mzima na kazi yake katika duka la dawa za mifugo inaendelea vyema. Mwenye duka amemwachia funguo.

Mvua za masika zimeanza kwa fujo. Mgomba mmoja umeangukia zizi.

Calvince alikuja akafanya kazi safi. Kisanduku kimeshikana na ukuta wa banda kwa bolti nne, na hakitoki pasipo nyundo na kelele. Mkia wa kebo hupitishwa kwenye tundu la hewa, nami huuchomeka garini nje. Siku za kuchaji ni Jumatatu na Alhamisi. Utaratibu unafanya kazi.

Kuhusu kuingiza gari bandani, naomba tuliache kwa sasa. Banda lina joto. Tena mlango wake ni mwembamba kidogo kwa mtu wa umri wangu, na njia inateleza wakati wa mvua.

Ulinishauri pia kwa simu nimfunge mbwa karibu na gari. Nilimfunga. Ochoki anasema mbwa yule akimwona mwizi atamwonyesha njia ya mkato. Yeye Ochoki ndiye anayetucheka zaidi. Juzi alisimama akitazama gari likichajiwa, akasema, "Kaka, hili gari lako linanyonya tangu asubuhi. Litaachishwa lini?" Nikamwambia, "Likiachishwa, wewe ndiye utakayemsukuma shemeji yako hadi Kisii." Mama yako akacheka hadi akakohoa. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu Krismasi.

Baba yako,
Mogire


Lodwar,
Jumapili, 20 Aprili 2025

Mama, baba, baba mdogo, na wewe Tryphosa: salamu za Pasaka kwenu nyote.

Nimechelewa kujibu kwa sababu niliandika mara mbili na kuzichana barua zote mbili. Hii ya tatu nitajitahidi iwe na adabu.

Baba, umesema banda lina joto. Lina matundu ya hewa pande mbili. Umelitaja moja wewe mwenyewe, maana ndilo unalopitishia kebo. Umesema mlango ni mwembamba. Fundi mwashi alinitumia vipimo. Lori la kuchukua majani ya chai lingeingia na nafasi ikabaki. Umesema njia inateleza. Gari hilo hilo hupanda hadi Nyaramba kwa njia inayoteleza zaidi, nawe ndiye unayeliendesha, na hujawahi kuogopa kuteleza tangu nilipokufahamu.

Ikiwa gari ni lazima libaki nje, basi tulinde huo mkia. Calvince apitishe sehemu ya nje ndani ya bomba la chuma lililozikwa ardhini. Kichwa cha kebo kina tundu kwenye kifyatulio chake. Kufuli ndogo ikipita hapo, hakuna wa kukichomoa garini. Kebo yenyewe ipakwe rangi nyekundu mwili mzima na iandikwe jina la mama, ili wanunuzi wa vyuma chakavu wasiwe na kisingizio. Zaidi ya yote, isitolewe nje kabla ya wewe kuwa umesimama hapo. Kumbuka kwamba kebo hiyo haina umeme hadi ishike gari. Ikiwa imelala bure, mtu yeyote mwenye msumeno anaweza kuikata bila hata kupigwa na umeme.

Barua yako inasema mkia "hupitishwa" kwenye tundu la hewa. Na nani? Saa ngapi? Gari liko wapi wakati huo, nawe uko wapi? Siulizi kwa kukuhukumu. Nauliza kwa sababu kila nikisoma barua zako naona kama mtu amesimama katikati ya kila sentensi, na wewe unamzunguka.

Soketi haiwezi kuhamishiwa nyumbani kwako. Calvince amesema nyaya zako ni nyembamba, ukizibebesha gari zitawaka pamoja na paa. Kwa hiyo tumebaki na banda. Litumieni, tafadhali.

Momanyi


Lodwar,
Jumapili, 1 Juni 2025

Baba,

Nawasalimu wote. Sijapata jibu la barua yangu ya Pasaka.

Nikipiga simu, Tryphosa ananiambia mvua inanyesha. Nikimuuliza habari za kebo, ananiambia nikuulize wewe. Nikikuuliza wewe, unaniambia tutaandikiana. Simwoni wa kuniandikia.

Jana Calvince alinipigia akiuliza kama nataka kebo ya tatu. Hivyo ndivyo nilivyojua ya pili imekatwa. Nilijulishwa habari za boma langu na mtu wa Kebirigo aliyedhani ninazo tayari.

Mama anakwenda Kisii kwa usafiri gani? Au haendi?

Momanyi


Mosocho,
Jumapili, 15 Juni 2025

Mwanangu Momanyi,

Nakuandikia kutoka kwa shangazi yako Nyanchera, hapa Mosocho. Anakusalimu na kusema umekonda kwenye picha. Mama yako yuko nami. Yuko hai, na hilo nalitanguliza makusudi.

Kebo ilikatwa mwezi wa Mei, Alhamisi, asubuhi kweupe. Ulibaki mkia mfupi ukutani. Siku iliyofuata gari la kukodi liliharibika njiani, tukafika Kisii zamu ya mama yako ikiwa imekwisha, na waliokuwa wakisubiri walikuwa wengi. Tulirudi bila kuhudumiwa. Jumapili alishindwa kupumua akiwa amelala. Nilimkalisha, nikamshikilia mgongo hadi Ochoki alipoleta gari jingine la kukodi. Walimtibu. Hatukurudi Nyaramba.

Kutoka hapa hospitali ni karibu, na tuktuk inatosha. Lakini Nyanchera anaishi katika vyumba viwili vya kupanga, na mwenye nyumba hataki kusikia habari za kuchaji gari. Gari limebaki Nyaramba, limekufa chaji, kuku wanataga chini yake. Mama yako kila asubuhi anauliza kama migomba imepaliliwa, na kila jioni anauliza tunarudi lini. Wiki iliyopita aliacha kuuliza. Hilo ndilo linalonitisha.

Uliniuliza maswali kwenye barua yako ya Pasaka. Niliyasikia yakisomwa barazani, na yule aliyekuwa akiyasoma akayasoma yote bila kuruka hata moja. Sikuweza kuyajibu mbele yake, wala siwezi kuyajibu hapa. Naomba usinilazimishe.

Baba yako


Lodwar,
Jumapili, 6 Julai 2025

Baba,

Msalimu mama, na umwambie nimeiona barua yako na nimeomba likizo. Msalimu shangazi. Barua hii nimeituma moja kwa moja kwako Mosocho. Haisomwi na yeyote ila wewe.

Nilimwomba Calvince anitumie picha ya mahali kebo ilipokatwa. Alituma kadhaa. Kuna ukuta wa banda, kuna tundu la hewa, kuna kipande cha mkia kinachoning'inia. Na chini ya tundu, kwenye nyasi, kuna kigoda. Ni kile kigoda chetu cha miguu mitatu, ambacho mama hukalia akikamua. Kipo katika kila picha. Nyasi chini yake zimekauka, kwa hiyo hakikuwekwa hapo jana.

Nimekitazama kigoda hicho kwa siku nyingi. Nilikuwa nikidhani kuna uzembe nyumbani, au kuna mtu anayemlinda mwizi. Niliwaza mabaya, hata juu ya watu wa karibu. Kisha siku moja nikiwa kazini niliona muuguzi mmoja wa huku akiweka dawa juu ya meza, akarudi nyuma, ndipo mzee mmoja akasogea kuichukua. Nikakumbuka kwamba hata mimi nimetoka mahali ambapo watu wawili wanaoheshimiana hawapeani kitu mkono kwa mkono.

Siulizi zaidi ya hapo, baba, maana hata mimi kuna mambo ambayo sina ruhusa ya kuyasema kwako. Nauliza tu habari za kigoda.

Na kama banda langu ndilo lililoleta yote haya kwa sababu nililishikiza kwenye nyumba, basi niambie hivyo. Naweza kulibomoa kwa mikono yangu.

Mwanao,
Momanyi


Mosocho,
Jumapili, 3 Agosti 2025

Barua hii isomwe Jumapili ijayo, tarehe kumi, barazani kwangu Nyaramba, mbele ya watakaokuwa wamekusanyika. Isomwe na Tryphosa, kama siku zote.

Mheshimiwa Mzee Anyona, mkubwa wetu sote tuliobaki katika ukoo huu. Ndugu yangu Ochoki, unayekaa kwenye kiti changu leo na najua umekaa ukijinyoosha. Kina mama wa boma na majirani zetu. Wazee wa kanisa mnaonifahamu kama mpangaji wa makambi. Mwanangu Momanyi, uliyesafiri kutoka mbali kwa ajili ya siku hii. Na wewe mkamwana wangu Tryphosa, ambaye sauti yako ndiyo inayosema maneno haya: nawasalimu, kila mmoja katika nafasi yake, na mama yenu Mokeira anawasalimu kwa sauti iliyo ndogo kuliko mliyoizoea.

Nimeulizwa swali na mwanangu, nami nalijibu mbele yenu, kwa sababu ni swali la boma zima.

Wengi wenu mnafahamu kwamba kwetu sisi Abagusii baba haingii katika nyumba ya mwanawe aliyeoa. Hiyo ni ensoni, ile heshima yenye haya ndani yake, nami sina nia ya kuisema vibaya. Mwanangu alipojenga banda la gari, alilishikiza kwenye nyumba yake na akatia mlango wa kwenda jikoni. Alifanya hivyo kwa kumpenda mama yake, akiwa mbali, akimwelekeza fundi kwa simu. Lakini banda likawa chumba cha nyumba ya mkamwana wangu. Gari likawa na makao, dereva wake akawa hana ruhusa ya kuyaingia. Nilisema joto. Nilisema mlango. Nilisema utelezi. Ningeweza kusema hata nyoka, ili tu nisiseme nilichokuwa nikikisema moyoni.

Kebo ya kwanza ilitundikwa nje kwa sababu hiyo. Sasa sikilizeni jinsi ya pili ilivyoibwa. Kila Jumatatu na Alhamisi asubuhi, kabla ya kwenda kazini Kebirigo, Tryphosa aliutoa mkia wa kebo kwenye tundu la hewa, akaulaza juu ya kigoda, kisha akaondoka. Hakuweza kunipa mkononi. Hakuweza kuuchomeka garini mwenyewe, kwa sababu kifuniko cha mahali pa kuchajia hufunguliwa kwa kitasa kilicho chini ya usukani, na kukifikia ni lazima ukae kwenye kiti cha dereva, na kiti hicho ni cha baba mkwe wake. Nami nilisubiri ndani kwangu hadi nione amepita njia panda, ili nisimkute akiwa uani amejifunga kanga. Ndipo nikatoka. Siku nyingine mama yenu aliniita kwanza nimpe dawa, au nimgeuze, nikachelewa. Kebo ikalala pale kigodani, haina umeme, haina mwenyewe. Mwizi hakuhitaji ujanja. Alihitaji tu kujua kwamba katika boma hili kuna watu wawili wenye adabu.

Hakuna aliyetuamuru tufanye hivyo. Hatukuwahi kulizungumza. Yeye alitoka upande wa ziwa, akataka asiwepo wa kusema kwamba msichana wa kule hajui heshima za huku. Kwa hiyo akazishika kwa ukali kuliko binti zetu wenyewe. Mimi nikaona anavyozishika, nikaona haya kuwa mlegevu kuliko yeye. Kila mmoja alimpandishia mwenzake kipimo cha heshima.

Majuzi hapa Mosocho dada yangu Nyanchera alikuwa akiosha vyombo, akauliza kama mwizi amejulikana. Mokeira, aliyekuwa kitandani na tukidhani amelala, akajibu:

"Amejulikana. Ana miguu mitatu, mimi mwenyewe humkalia nikikamua."

Nyanchera akaniangalia. Nikaangalia dirishani.

"Mogire," mama yenu akasema, "wewe na mkamwana wako mnaheshimiana vizuri sana. Nawasifu. Mtanizika kwa heshima hiyo hiyo."

Nikamwambia, "Mama Momanyi, usiseme hivyo."

"Nitasema. Wewe hukusema, yeye hakusema, Momanyi ameandika hadi kalamu ikaisha. Nani aseme? Kuku?"

Ndipo Nyanchera naye akaweka sufuria chini. "Ni mimi niliyemfundisha yule binti siku ya harusi," akasema. "Nilimwambia asikupe mkono. Sikumwambia aogope kiti cha gari! Kwani kiti hicho umelala juu yake?"

Wakacheka, wawili hao. Mimi sikucheka. Nilitoka nje nikasimama karibu na duka la jirani nikijifanya natafuta chumvi. Nimekagua shule kwa maisha yangu yote ya kazi, nimewaandikia walimu wakuu makosa yao kwa wino mwekundu, na hapa nimemwacha mke wangu azame kitandani kwa kuogopa kuvuka uga wangu mwenyewe na kusema, "Mkamwana, ngoja, niko hapa."

Nimelitafakari jambo hili na nimemwandikia Mzee Anyona kando, naye amekubaliana nami. Ensoni ni ya nyumba na ya kitanda. Haikai kwenye kebo. Haikai kwenye kitasa kilicho chini ya usukani. Huu ndio uamuzi, na mkutano huu hauombwi kuujadili, unaombwa kuutekeleza.

Banda litatenganishwa na nyumba leo hii, kabla ya chakula. Momanyi, uliniandikia kwamba utalibomoa kwa mikono yako. Usilibomoe. Kata paa pale linaposhikana na nyumba, ung'oe ukuta wa kiungo, na uache nafasi ambayo mtu na ng'ombe wake wanaweza kupita. Ochoki, wewe utaziba mlango wa jikoni kwa matofali, na jembe langu lile halisi ulirudishe hapo hapo kwa kuchanganyia saruji. Banda likishasimama peke yake, si nyumba ya mtu. Ni banda. Calvince atakuja mchana na kebo ya tatu; ataifunga ndani, na gari litalala ndani, na mkia wake hautatoka nje tena hata kwa upana wa kiganja.

Jambo la pili. Nimeambiwa na mama yenu, ambaye kumbe alijua tangu zamani, kwamba Tryphosa ana leseni ya udereva. Aliipata kabla hajaolewa. Aliletwa kwetu nayo kwenye mkoba, na katika boma hili hakuna aliyewahi kumwuliza, mimi nikiwa wa kwanza, kwa sababu napenda kuendesha gari lile na sikutaka kujua. Kuanzia leo si mimi dereva. Mimi nitabaki na chai yangu na ng'ombe wangu, na mtu asinihurumie kwa hilo mbele yangu.

Tryphosa, mwanangu, unasoma vizuri. Usisite hapa. Ndani ya bahasha hii, chini, mna kitu kizito ambacho bila shaka umekwisha kukigusa kwa kidole. Ni ufunguo wa gari. Ni wako. Kigoda kirudishwe zizini.

Kazi ya leo ikamilike leo. Kesho gari lichajiwe ndani ya banda, mlango ukiwa umefungwa. Jumanne asubuhi Mokeira atakuwa amekaa mlangoni kwa Nyanchera, amevaa, akitazama barabara ya Nyamira. Mashine yake inamsubiri Kisii, na baada ya mashine anataka kurudi nyumbani.

Anayeshika nyundo na aishike.

Mogire